Makongano ya huduma na ubunifu wa teknolojia mijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku hizi ni vigumu kupata jiji lisilo na mpango wa kuvuta mabenki, kampuni za programu, mawakili na washauri elekezi wakae mtaa mmoja, kwa matumaini kwamba teknolojia mpya itazaliwa hapohapo. Wakati mwingine inazaliwa kweli. Mara nyingine kinachopanda ni kodi ya pango peke yake. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa uchumi na mipango miji, maofisa wa halmashauri na watu wenye kampuni changa. Majibu mengine ni marefu, mengine mistari michache, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Kongano la huduma ni nini hasa?

Ni kampuni nyingi za huduma, zinazofanana au zinazotegemeana, zinapokaa eneo moja kiasi cha kugombea wafanyakazi walewale na wateja walewale, na papo hapo zikawa zinauziana huduma. Mjadala huu unahusu zaidi huduma ambazo kampuni huziuzia kampuni nyingine: uhasibu, sheria, benki na bima, matangazo, usanifu, programu za kompyuta, upimaji na utafiti, usafirishaji wa mizigo. Saluni ishirini kwenye barabara moja nazo ni mkusanyiko, na mteja anayependa kuchagua atafurahi, lakini si za aina hiyo tunazozizungumzia.

Teknolojia si hutoka viwandani na maabara? Huduma zinaingiaje?

Zinaingia kwa mlango ambao watu wengi hawautazami: kampuni ya huduma ndiyo yenye tatizo. Anayeandika malipo ya maelfu ya wateja kwa mkono, anayepanga viti vya ndege, anayehesabu hatari ya meli kuzama, huyo ndiye anayejua ni mashine gani inahitajika, hata kama hajui kuiunda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa migahawa ya chai na mikate. Mameneja wake walichoshwa na mlima wa karatasi za mahesabu madogo madogo. Wakakipa Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000 kusaidia ujenzi wa kompyuta yake ya EDSAC, kisha wakaunda ya kwao kwa kufuata mfano huo na kuiita LEO. Mwaka 1951 ilianza kukokotoa gharama za mikate, na hivyo ikawa kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kawaida ya biashara. Kampuni ya chai iliwatangulia watengenezaji wa mashine za ofisi.

Mashine ya kutolea pesa ilitokea hivyohivyo. Ilianza kazi katika tawi la benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, kwa kuwa benki ilikuwa na wateja waliotaka pesa zao saa ambazo milango imefungwa. Mfumo wa tiketi za ndege wa SABRE nao ulitokana na shida ya shirika la American Airlines, ambalo lilishirikiana na IBM hadi mfumo ukakamilika mwaka 1964.

Kwa hiyo kongano la huduma ni, kwanza kabisa, kongano la matatizo yenye wenyewe walio tayari kulipa. Ukisahau hilo, sehemu kubwa ya maandishi kuhusu mada hii haitakuingia.

Kukaa karibu kunasaidiaje?

Mwanauchumi wa Kiingereza Alfred Marshall alieleza njia tatu mwaka 1890, akiwa anatazama viwanda vya nguo na vyuma, na hadi leo hakuna aliyezifuta. Ya kwanza ni wafanyakazi: penye waajiri wengi wa fani moja, mwenye ujuzi huja bila woga wa kukosa kazi, na mwajiri hupata mtu bila kutangaza mwaka mzima. Ya pili ni wauzaji wa vitu maalumu, ambao hawawezi kuishi kwa mteja mmoja lakini wataishi kwa hamsini. Ya tatu ni maarifa yanayozagaa, mambo ambayo mtu huyajua kwa sababu tu anakula mchana na watu wanaoyajua.

Katika huduma, njia ya pili ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Chukua Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia huko California. Watu huhesabu wahandisi wake, lakini wahandisi wazuri walikuwepo sehemu nyingi za Marekani. Kilichokuwa adimu ni mawakili walioandika mikataba ya hisa za kampuni changa mara mamia, hivyo hawakuhitaji kujifunza kwa gharama ya mteja. Palikuwa pia na wawekezaji wa Sand Hill Road, ambako kampuni ya uwekezaji ya Kleiner Perkins ilifungua ofisi mwaka 1972, na benki iliyokubali kumkopesha mtu asiye na jengo wala mashine za kuweka rehani. Mhandisi mwenye wazo alihitaji kuzungumza na watu watatu hao, na wote watatu walikuwa ndani ya mwendo wa dakika chache kwa gari. Mahali pengine angewatafuta mmoja mmoja kwa miezi, na pengine wa tatu asingempata kabisa.

Bima inatoa ushahidi wa zamani zaidi. Katika miaka ya 1680 wenye meli na wakatia bima wa London walikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Soko lililokua kutoka hapo ndilo lililokuja kuikatia bima satelaiti ya mawasiliano ya Early Bird mwaka 1965, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kabla ya hapo. Kukadiria hatari isiyo na historia ni ufundi, na ufundi wa namna hiyo hukaa kwa watu wanaouliziana maswali kila siku.

Kuhusu maarifa yanayozagaa, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Adam Jaffe, Manuel Trajtenberg na Rebecca Henderson wa mwaka 1993. Walifuatilia hataza (hati za kisheria zinazolinda uvumbuzi) zinazotaja hataza za awali, wakakuta kwamba zinazotaja hutoka mji uleule mara nyingi kuliko ambavyo bahati tu ingeeleza, hata baada ya kulinganisha teknolojia za aina moja za wakati mmoja. Wazo lililoandikwa na kuchapishwa kwa ulimwengu mzima bado linasomwa zaidi na jirani.

“Karibu” ni umbali gani?

Ni mfupi kuliko mipaka ya jiji, na hapa ndipo mipango mingi inapokosea. Mohammad Arzaghi na Vernon Henderson walichunguza kampuni za matangazo za Manhattan, New York, na utafiti wao ukatoka mwaka 2008. Walikuta kwamba faida ya kuwa jirani na kampuni nyingine za matangazo inapungua haraka sana, na baada ya mita 750 hivi imekwisha. Mita 750 ni dakika kumi za kutembea. Ndani ya majengo mambo ni makali zaidi: Thomas Allen wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba wahandisi wanaokaa makumi ya mita mbali huzungumza mara chache mno kuhusu kazi, hata wakiwa chini ya paa moja.

Lakini si kila njia ina kipimo hicho. Soko la wafanyakazi hufika popote watu wanapoweza kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo treni nzuri hulipanua. Huduma za kisheria na kifedha huvuka mji mzima. Mazungumzo ya bahati ndiyo yanayokufa mapema. Mpango unaojenga “jiji la teknolojia” kilomita thelathini nje ya mji, kwenye ardhi ya bei rahisi, unaweza kubaki na njia ya kwanza na kuipoteza ya tatu bila yeyote kugundua, mpaka miaka kumi ipite.

Mji ubobee kwenye huduma moja au uwe na mchanganyiko?

Huu ni ubishi wa miaka mingi. Upande mmoja uko kwa Marshall: wa fani moja wakikusanyika hufundishana. Upande wa pili uko kwa Jane Jacobs, ambaye mwaka 1969 alisisitiza kwamba mambo mapya hutokea pale kazi za aina tofauti zinapogusana, kwa sababu suluhisho la fani moja mara nyingi limelala kwenye fani nyingine.

Edward Glaeser na wenzake walipima jambo hili mwaka 1992 kwa kutumia data za miji 170 ya Marekani kati ya 1956 na 1987. Sekta zilikua zaidi palipokuwa na mchanganyiko na ushindani, si pale sekta moja ilipotawala. Walipima ukuaji wa ajira, si ubunifu wenyewe, na tofauti hiyo husahaulika mara nyingi. Maryann Feldman na David Audretsch walipogeukia ubunifu moja kwa moja mwaka 1999, nao waliegemea upande wa mchanganyiko.

Baadaye jibu likapata umbo zuri zaidi. Gilles Duranton na Diego Puga walieleza mwaka 2001 kwamba miji mikubwa yenye mchanganyiko ni kitalu: kampuni changa bado haijui itengeneze kitu gani kwa njia gani, kwa hiyo inahitaji kujaribu mbinu za watu mbalimbali. Ikishajua, inahamia mji wa gharama nafuu uliobobea. Mwaka 2007 Koen Frenken na wenzake, wakitumia data za Uholanzi, wakaongeza kwamba si kila mchanganyiko ni sawa. Unaochochea ajira ni ule wa shughuli zenye undugu, kwa mfano bima, takwimu na programu. Shughuli zisizohusiana husaidia zaidi kama kinga ya mji pale sekta moja inapoanguka.

Maoni yangu: mjadala wa “ubobezi au mchanganyiko” umedumu kuliko ulivyostahili. Swali lenye faida ni kama mtu wa fani A ana sababu ya kila wiki ya kukaa meza moja na mtu wa fani B. Kama hana, wawe wamechanganyika au hawajachanganyika, ni mamoja.

Mfanyakazi akihamia kwa mshindani, si wazo limeibwa?

Kwa kampuni aliyoiacha, ni hasara. Kwa mji, mara nyingi ni faida. AnnaLee Saxenian alilinganisha Silicon Valley na maeneo ya barabara ya Route 128 karibu na Boston, ambayo yote mawili yalikuwa na vyuo bora na pesa za kutosha. Boston kampuni zilijifungia na watu walikaa na mwajiri mmoja. California watu walihama, na maarifa yalihama nao. Sheria ilichangia: tangu 1872 California haitambui mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani.

Michigan ilitoa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1985 jimbo hilo lilibadilisha sheria zake za ushindani, na bila kukusudia likafuta katazo la mikataba ya namna hiyo. Matt Marx, Deborah Strumsky na Lee Fleming walifuatilia wavumbuzi kupitia hataza zao, wakakuta uhamaji kati ya kampuni umepungua, hasa kwa wenye ujuzi wa fani finyu. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba baadhi yao waliondoka jimboni kabisa na kwenda kwenye majimbo yasiyowabana.

Siri halisi za biashara zina sheria zake na zinastahili kulindwa. Kumfunga mtu miguu ni jambo jingine.

Kongano linaweza kuzidi kiasi?

Linaweza. Tafiti kadhaa za miji ya China, ambako mada hii imechunguzwa sana, zimekuta mchoro unaopanda kisha kushuka: mwanzoni kila kampuni ya huduma inayoongezeka husaidia ubunifu, kisha inafika hatua ambapo inayoongezeka huumiza. Hatua hiyo haiko mahali pamoja kwa kila mji, kwa hiyo asikudanganye mtu kwa namba moja ya kutumika popote.

Kinachoumiza ni nini? Kodi ya pango ndiyo ya kwanza. Benki kubwa inaweza kuilipa, watu watatu wenye wazo hawawezi, na hao watatu ndio waliotafutwa tangu mwanzo. Pili, watu waliosoma pamoja, wanaosoma habari zilezile na kuwahudumia wateja walewale huanza kufikiri sawa. Tatu, sekta moja inaweza kunyonya vipaji vya nyingine. Stephen Cecchetti na Enisse Kharroubi wa Benki ya Malipo ya Kimataifa walionyesha kwamba sekta ya fedha ikikua haraka mno, sekta zinazotegemea utafiti ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu mtaalamu wa fizikia anayekwenda kubuni bidhaa za kifedha hayuko tena maabara.

Halafu kuna hatari ya wote kuanguka pamoja. Silicon Valley Bank ilifungwa tarehe 10 Machi 2023 baada ya wateja kukimbilia kutoa amana. Wateja wake wengi walikuwa kampuni za teknolojia na wawekezaji wanaofahamiana, kwa hiyo hofu ilienea kwa simu ndani ya saa chache. Mtandao uliosambaza mawazo ndio uliosambaza woga.

Huduma zote zina nguvu sawa?

Hapana. Zinazobeba maarifa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine (wahandisi washauri, waunda programu, maabara za upimaji) zina nguvu kubwa, na watafiti kama Ian Miles wamekuwa wakiziandikia tangu miaka ya 1990. Usafirishaji na ghala husaidia kwa kupunguza gharama, ambazo zikigeuka akiba zinaweza kwenda kwenye utafiti. Zinaweza pia kwenda kwenye gawio. Uuzaji wa nyumba na viwanja, ukizidi, hufanya kinyume kabisa: mwenye pesa haoni haja ya kujaribu teknolojia wakati kiwanja kinamletea faida akiwa amelala.

Miji jirani inafaidika au inanyonywa?

Vyote viwili, kwa wakati tofauti. Mwaka 2005 Duranton na Puga walionyesha kwamba miji imeacha kugawana sekta na kuanza kugawana majukumu: makao makuu na huduma za kitaalamu huenda miji mikubwa, uzalishaji huenda midogo. Mji mdogo wenye kiwanda kinachohudumiwa na wataalamu wa jiji jirani hupata teknolojia bila kulipa kodi ya jiji. Lakini reli ya kasi ikifunguliwa, mwanasheria wa mji mdogo naye anaweza kufunga ofisi, kwani mteja sasa anafika jijini kwa saa moja. Anayetabiri upande mmoja tu hajaangalia kama mji mdogo una kitu ambacho jiji linakihitaji.

Kongano na ubunifu vinapimwaje?

Kongano lina kipimo rahisi. Gawanya sehemu ya ajira za mji zilizo kwenye sekta fulani kwa sehemu hiyohiyo ya ajira za nchi nzima. Kama huduma za programu ni asilimia 6 ya ajira za mji na asilimia 3 ya ajira za nchi, jibu ni 2, yaani mji una mara mbili ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba mji mdogo wenye mwajiri mmoja mkubwa utaonekana kongano wakati ni kampuni moja. Kipimo cha Glenn Ellison na Edward Glaeser cha mwaka 1997 kilibuniwa kuondoa upotoshaji huo.

Ubunifu ni mgumu zaidi. Wengi huhesabu hataza, na kwa huduma hicho ni kipimo chenye chongo. Njia mpya ya kupanga mikopo au kuhudumia wagonjwa mara nyingi haisajiliwi. Marekani kwenyewe mlango umefunguka na kufungwa: uamuzi wa kesi ya State Street wa mwaka 1998 uliruhusu hataza za mbinu za biashara, na ule wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice mwaka 2014 ukazibana. Mtu akichora grafu ya hataza za huduma za miaka hiyo bila kulijua hilo, atadhani ubunifu ulipanda na kushuka, kumbe ni sheria. Angalia pia hataza imeandikwa kwa anwani ya nani. Makao makuu huandikisha kazi iliyofanyika mji mwingine, na jiji la mabenki huonekana lenye wavumbuzi wengi kuliko lilionao.

Tunajuaje kwamba si ubunifu ndio unaoleta kongano?

Hilo ndilo swali linaloangusha tasnifu nyingi. Gerald Carlino, Satyajit Chatterjee na Robert Hunt walikuta mwaka 2007 kwamba jiji la Marekani lenye msongamano wa ajira mara mbili ya lingine huwa na hataza kwa kila mtu zaidi kwa takriban asilimia 20. Namba nzuri, ila wavumbuzi wenyewe wanaweza kuwa wamechagua kuhamia penye msongamano.

Dawa ni kutafuta tukio lililotenganisha watu kwa sababu isiyohusiana na biashara. Ukuta wa Berlin ni mmoja. Ulipojengwa mwaka 1961, Berlin Magharibi ilikatwa na katikati ya zamani ya mji. Thamani ya ardhi iliyokuwa ikipanda kuelekea huko ikapoteza mwelekeo huo, na baada ya 1989 ukarudi. Gabriel Ahlfeldt na wenzake walitumia mabadiliko hayo kupima faida ya ujirani, wakaikuta ni ya kweli na ya umbali mfupi sana. Mfano mwingine unachekesha kidogo: Marekani ilipopiga marufuku pombe, Michael Andrews alikuta kwamba hataza zilipungua kwenye wilaya zilizolazimishwa kufunga baa, kisha zikarudi kadiri watu walivyopata mahali pengine pa kukutana. Baa nayo ni biashara ya huduma, ingawa sijawahi kuiona kwenye mpango wa halmashauri wa ubunifu.

Sasa kazi zimehamia mtandaoni. Ukaribu una maana tena?

Kwa kazi inayojulikana, umepungua maana. Kwa kazi ambayo bado haina jina, haujapungua sana. Utafiti uliohusu wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba kufanyia kazi nyumbani kulikaza mawasiliano ndani ya vikundi na kulegeza yale ya kikundi na kikundi. Melanie Brucks na Jonathan Levav walionyesha mwaka 2022 kwamba watu wawili wakikutana kwa video hutoa mawazo machache kuliko wakiwa chumba kimoja, lakini kuchagua lililo bora kati ya mawazo hayo hawazidiwi. Na mwaka 2023 Yiling Lin, Carl Benedikt Frey na Lingfei Wu, wakitumia mamilioni ya makala na hataza za nusu karne, wakakuta timu zilizotawanyika hazifikii uvumbuzi wa kuvunja njia mpya kwa kiwango cha timu za mahali pamoja.

Usichukue hayo kama hukumu dhidi ya mtandao. Bangalore ilianza kujulikana kwa programu baada ya Texas Instruments kufungua kituo hapo mwaka 1985 na kukiunganisha na ofisi zake kwa satelaiti. Harald Bathelt na wenzake walieleza mwaka 2004 kwamba kongano lenye afya linahitaji vitu viwili pamoja: maneno ya mtaani na mifereji ya kuleta maarifa ya mbali. Lisilo na mifereji hubaki likizungumza na kujijibu lenyewe.

Halmashauri ya jiji ifanye nini?

Ianze na pale ambapo tayari kuna moshi. Uingereza ilipotangaza mpango wa Tech City mwezi Novemba 2010, kampuni changa zilikuwa zimeshakaa Shoreditch, mashariki mwa London, bila kuambiwa na mtu. Max Nathan alipotathmini baadaye alikuta kongano liliongezeka ukubwa na msongamano, lakini tija ya kampuni haikuonyesha mabadiliko ya kueleweka. Kutangaza mahali huvutia watu na hupandisha kodi, hakutengenezi wazo.

Ningeweka pesa kwanza kwenye manunuzi. Serikali na halmashauri ni wateja wakubwa wa huduma, na kampuni changa inayopewa kazi halisi ya kupanga ratiba za mabasi hujifunza zaidi kuliko inayopewa ruzuku. Marekani ilianzisha mpango wa SBIR mwaka 1982, uliolazimisha taasisi kubwa za serikali kutenga sehemu ya bajeti ya utafiti kwa kampuni ndogo. Pili ni vyumba vidogo vya mikataba mifupi katikati ya mji, kwani jengo la kioo linalokodishwa ghorofa nzima kwa miaka kumi limeshawafukuza wanaotafutwa. Tatu ni usafiri. Vituo atamizi, yaani vya kulelea kampuni changa, naviweka mwisho: vingi hujaa vijana wanaosikiliza mihadhara kuhusu ujasiriamali, ilhali mteja wao yuko upande wa pili wa barabara na hawajaalikwa kukutana naye.

Mji mdogo una nafasi?

Unayo, ukiwa na tatizo kubwa karibu nao. Aberdeen, mji wa Scotland wenye watu wapatao laki mbili, ulikusanya kampuni za uhandisi wa chini ya bahari baada ya mafuta kupatikana Bahari ya Kaskazini, na ujuzi huo ukauzwa duniani kote. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014 mji mzima ulitetemeka, na tangu hapo unajitahidi kuhamishia ujuzi uleule kwenye mitambo ya upepo baharini.

Nina kampuni changa. Nihamie kwenye kongano?

Inategemea uko hatua gani. Kama bado unabadilisha bidhaa kila mwezi, nenda, hata kwa chumba cha kushirikiana, na ukae ndani ya mwendo wa miguu kutoka kwa wateja, si kutoka kwa kampuni changa wenzako tu. Kama bidhaa imeshatulia na unachohitaji ni kuizalisha kwa wingi, kodi ya kongano itakula faida bila kukupa kitu. Acha mtu mmoja au wawili wa mauzo huko na uwaweke wengine penye gharama nafuu. Kabla ya kusaini pango, soma mkataba wako wa kazi ya zamani uone kama una kifungu cha kukuzuia kumhudumia mshindani wa mwajiri wako, na uulize wapangaji waliotangulia kodi yao iliongezwa kwa kiasi gani mkataba wa kwanza ulipokwisha.